Kidole Gumba cha Mtani Wangu

Wajukuu zangu wana mchezo wa kupigana kwenye runinga, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kunibwaga. Wao wanabonyeza vitufe ovyo. Mimi nasubiri. Nikiona mtu wao ameacha ngumi na anasogea kimya kimya, najua anakuja kukamata, maana anayejikinga ngumi muda wote dawa yake ni kumkamata na kumtupa. Nabonyeza kabla mikono yake haijafunga, naponyoka, nao wanapiga kelele: "Babu unaiba!" Siibi. Jambo hilo nililijua kwa mwili wangu kabla baba zao hawajazaliwa, na ni mimi niliyelileta Iringa.

Nilirudi kutoka Ujerumani Mashariki miaka ya sabini, na diploma ya ufundi wa mitambo mkononi na mkanda mweusi wa judo kwenye sanduku. Sikuwa na mjomba serikalini wa kunisukuma. Baba yangu alikuwa mchoma matofali, na ada yangu ya shule ya kati niliilipa kwa kufyatua matofali hayo hayo. Kwa hiyo niliporudi na kupewa karakana ya malori pale Ipogolo, chini ya mlima, kando ya barabara kuu, sikuona aibu kuitundika diploma ile ukutani ambapo kila dereva angeiona. Waliiona. Wengine waliniita Mwalimu Ulaya, nami niliitika.

Kitu kimoja tu kilinikera. Baba aliwaambia majirani kwamba mwanawe alivuka bahari kwenda kusomea kuangushana. Alikuwa hajawahi kuona judo, na nilitamani aione.

Nyuma ya karakana palikuwa na ghala tupu. Godoro la judo halikuwepo mkoa mzima, basi nikalitengeneza: magunia ya pumba za mpunga, yameshonwa na kupangwa yakabanana, juu yake turubai kuukuu la lori, limevutwa na kukazwa kwa kamba. Pumba zilitoka kwenye mashine za mpunga za Chimala. Aliyezileta alikuwa dereva wa lori la Tunduma, Mngoni wa Songea, mfupi, mpana, mwenye shingo kama ya fahali.

"Mtani," aliniuliza siku ya kwanza, akishusha gunia, "haya ni ya kulalia ng'ombe au ya kulalia wewe?"

"Ya kukulaza wewe."

"Babu yako alimwambia babu yangu hivyo hivyo. Kisha akapanda mlima mbio."

Ndivyo tulivyoishi. Babu zetu, Wahehe na Wangoni, walipigana vita vikali, na wajukuu tukarithi utani: mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kuchukua kitu chako huku unamtazama, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

Nikamfundisha. Kila jioni lori lake lilipolala Ipogolo, tulivaa makoti mazito na kushikana. Nilimfundisha kwamba mtu hatupwi hewani, hutupwa mapema zaidi, pale anapovutwa na kukubali kuvutwa. Nilimfundisha kutotazama macho, kwa kuwa macho hudanganya, bali kusikiliza mkono uliokushika: ukivutwa mbele, shusha kiuno, rudisha uzito kwenye visigino, mguu mmoja nyuma, na bega lake halitakupata. Ukichelewa hata kidogo, kiuno chake kimeshaingia chini ya chako na umekuwa gunia. Hakuna aliyekuwa akijua mambo hayo kutoka Iringa hadi Mbeya. Yeye aliyapata bure.

Alikuwa mwepesi kuelewa, ila alikuwa na kasoro. Kila alipotaka kunitupa kwa bega, kidole gumba chake cha kulia kilikaza kwanza kwenye mkono wa koti langu. Kilikaza, kisha yeye akaja. Kwa mtu aliyefundishwa na mabingwa, hiyo ilikuwa sawa na kupigiwa honi. Sikutokwa hata na jasho. Niliponyoka kila mara.

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza, nilikuwa mwalimu wake.

"Mtani, kidole gumba chako kinakuuza. Kinakaza kabla hujaingia."

Alikiinua akakitazama kama kidole cha mtu mwingine. "Huo ni usukani, Mwalimu. Hiki kidole kimeng'ang'ania usukani tangu ujana, leo kitaachaje?"

"Kifundishe."

"Nilikipeleka kisomo cha watu wazima kikashindwa. Ndiyo kije kijue judo?"

Tukacheka. Kesho yake kidole kikakaza, na keshokutwa pia. Nilimkumbusha mpaka nikachoka. Nilimwuliza pia kwa nini hapigi ngwala, mbinu ya kufagia mguu wa mwenzako kwa nyuma ili aanguke chali, wakati mwili wake mfupi ulifaa sana. Akashika goti la kulia, akakunja uso. Alisema linamuuma kwa kukanyaga breki njia nzima. Nikamhurumia. Nilimpaka dawa ya kuchua kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndipo afisa utamaduni alipokuja karakana na habari. Timu ya taifa ilitaka mtu mmoja kutoka mikoa yetu ya Nyanda za Juu, aende kambini Dar es Salaam na kutoka hapo mashindano ya nje. Mchujo ungefanyika Mbeya. Nafasi moja. Sitajifanya mnyenyekevu: nafasi ile ilikuwa yangu. Niliileta judo yenyewe. Nikamwendea baba nikamwambia, safari hii utakuja kuona nilichokisomea.

Alikuja, na jogoo mwekundu kwenye tenga. Tulisafiri katika lori la mtani, baba katikati yetu, tenga mapajani.

"Kamwene, mzee," mtani alimwamkia kwa Kihehe kibovu. "Huyo ndege ni wa nani?"

"Wa mwanangu, akishinda."

"Ungemwacha nyumbani basi, aendelee kutaga."

"Jogoo hatagi, wewe."

"Ndiyo maana Wahehe mna njaa."

Baba alicheka mpaka Mafinga. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo na mimi.

Mbeya kulikuwa na baridi, na ukumbi ulijaa. Safari hii palikuwa na magodoro halisi, yameletwa kutoka pwani. Niliwatupa wote waliokuja mbele yangu, wengi wao wacheza mieleka waliojifunza judo majuzi tu, mmoja baada ya mwingine, na kila nilipomaliza niliangalia benchi alipokaa baba. Alikuwa amejiinua kidogo. Mtani naye aliwashinda wa upande wake kwa bega, kwa bega tu, kidole kikikaza kila mara. Tukabaki sisi wawili.

Tuliinamiana, tukashikana. Nilimsoma kama kitabu cha darasa la kwanza. Tulizunguka. Nikasikia kidole gumba kikikaza kwenye mkono wa koti langu.

Nilifanya kama nilivyofanya mara zote. Nilishusha kiuno, nikarudisha uzito kwenye visigino, nikapeleka mguu nyuma. Bega halikuja. Kifua chake kilinisukuma, na mguu wake wa kulia, ule wenye goti nililolichua, ulipita nyuma ya mguu wangu na kuufagia. Nilikuwa tayari nimeegemea huko huko alikotaka nianguke. Nilikuwa nimemmalizia nusu ya kazi.

Nikaona paa la ukumbi. Mwamuzi akainua mkono juu kabisa.

Tulipotoka kwenye magodoro nilimshika. "Ulisema goti linakuuma."

"Linauma mtani, hasa kwa ngwala," alisema huku akihema na kucheka. "Nimeipiga sana kule Chimala na wapakizi, juu ya pumba hizo hizo ninazokuletea."

"Na kidole?"

"Kidole kiliacha siku ile ile uliponiambia. Nilikuwa nakikaza kwa makusudi, ili wewe ukiitikie."

Miezi yote ile. Kila jioni alinipa mweleka wa uongo, nami nilipokea na kujisifu, na aliniacha nijisifu. Mwili wangu aliufunga kamba polepole, ndani ya ghala langu, juu ya godoro langu, kwa elimu yangu. Nilikwenda kwa afisa utamaduni kumweleza. Nilimwambia mtu huyu alijifanya mgonjwa, alinidanganya mimi mwalimu wake.

"Yeye Mngoni, wewe Mhehe?" afisa aliuliza.

"Ndiyo."

"Sasa ndugu yangu, hapo mimi niingilie wapi?" Akapasuka kicheko, na walio karibu wakacheka naye. Ningekuwa nimeonewa na mgeni wangenisikiliza. Kwa kuwa nilionewa na mtani, hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa.

Nilipogeuka, mtani alikuwa mbele ya benchi la baba. Hakuomba. Aliinama, akafungua tenga, akamtoa jogoo kwa miguu na kumning'iniza.

"Huyu ametoka vitani, mzee. Mateka wangu."

Nilimngoja baba aseme neno. Alisema: "Mchukue, mtani. Umemtolea jasho." Kisha akacheka kile kicheko cha kwenye lori, akapiga paja lake, akaniangalia mimi kwa macho yenye machozi ya furaha, kana kwamba nami nilipaswa kufurahi.

Walirudi Iringa pamoja kwenye lori. Mimi nilipanda basi peke yangu. Baba aliwasimulia majirani, na alisimulia vizuri, kwa mikono na miguu, jinsi mtani alivyonifagia; hatimaye alikuwa ameelewa judo ni nini. Mtani alikwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo akapanda ndege.

Kabla hajaondoka nilipasua magunia yote ya ghalani na kupeleka pumba kwenye tanuri la baba. Pumba huchoma matofali vizuri. Baba hakuuliza zimetoka wapi, alisema tu kwamba moto wake unawaka sawasawa.

Juma lililofuata, siku chache kabla ya safari yake, nilisikia lori likisimama nje ya karakana, na mtu akishusha magunia mapya mlangoni, akiimba. Alipiga honi. Akaita, "Mwalimu Ulaya! Mtani!" Nilikuwa chini ya lori jingine, mgongo kwenye sakafu. Sikutoka. Nilibaki pale nikikaza nati iliyokuwa imeshakazwa, mpaka alipochoka kupiga honi.