Sauti ya Gwaride

Nilipotoka jeshini Kenya na kumfuata mke wangu Birmingham, Uingereza, kazi niliyopata ilikuwa ya kuosha wazee. Naisema hivyo hivyo, bila kuipaka sukari. Mke wangu ni nesi. Tunaishi Lozells, juu ya duka la mboga, na kila asubuhi nilipanda basi hadi mjini, nikapanda lingine hadi nyumba ya wazee kule Moseley, jumba la zamani lenye mazulia mazito na joto la kukausha nguo. Nilikuwa nimezoea kuamuru wanaume wazima walale matopeni, nao wakalala. Sasa nilikuwa namuuliza bibi, kwa upole, kama angependa soksi za buluu.

Mke wangu alishanionya mapema. "Baba watoto, huko si kambini. Ukimfokea mzee wa watu, umefutwa, na wewe bado uko kwa majaribio." Alikuwa ameibeba nyumba peke yake muda mrefu, zamu juu ya zamu, na mgongo ulikuwa unamuuma. Kazi ile ilikuwa lazima niishike, nipende nisipende. Nikajikaza kisabuni.

Shida ikawa mzee mmoja, Mhindi wa Uganda. Ujanani alikuwa na duka Jinja, mpaka Wahindi walipofukuzwa nchini. Akili ilikuwa imeanza kumpotea, na Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Msimamizi wetu, mama mmoja Mjamaika, alipogundua kwamba mimi na mzee tunaelewana kwa Kiswahili alifurahi kupita kiasi. "Mungu ndiye amekuleta," akaniambia, na kuanzia hapo nikakabidhiwa mzee kila asubuhi.

Kuelewana, ati! Mzee alikuwa na Kiswahili kile cha tajiri na mpishi wake. "Boi! Iko wapi chai? Wewe nalala?" "Boi, kuja funga kiatu, upesi!" Mimi, sajenti mzima, mwenye mvi zangu, boi! Na yule mama amesimama mlangoni anatabasamu, akidhani tunapiga stori za nyumbani. Ningeanzia wapi kumweleza? Damu ilinichemka mpaka masikio yakawasha. Jioni nilipomsimulia mke wangu, alicheka akashika mbavu, kisha akasema, "Mzoee tu." Nikamnunia mpaka kesho yake.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimechuchumaa namwosha mzee miguu. Akapiga beseni teke, maji yote yakanimwagikia. "Boi mjinga! Maji baridi!" Na haki ya Mungu maji yalikuwa sawa kabisa, nilikuwa nimeyapima kwa kiwiko. Basi, yakanitoka. Nilisimama wima nikatoa ile sauti ya uwanja wa gwaride: "Nyamaza! Mimi si boi! Mimi ni sajenti wa jeshi! Umenisikia?"

 Uso ulimpauka mzee. Akaanza kuvua saa yake, akaninyooshea.

"Afande, chukua saa," akasema. "Chukua pesa, gari pia chukua. Mama na toto iko ndani ya gari. Hapana piga toto, afande."

Jeshi la Uganda lilitumia Kiswahili. Na kwamba Wahindi waliporwa kwenye vizuizi vya barabarani wakielekea uwanja wa ndege, hilo kwetu kila mtu wa rika langu amelisikia. Sikuwahi kujiuliza sauti ya yule askari ilikuwaje. Ilikuwa kama yangu.

Msimamizi aliingia mbio. "Umemfokea?" akauliza. Nikasema ndiyo. Kwa hilo majaribio yangu yaliongezwa, na nyumbani safari hiyo hakuna aliyecheka. Lakini wakati ule mzee alikuwa bado ameninyooshea saa, machozi yanamshuka ndevuni, na mle chumbani mimi peke yangu ndiye niliyejua yuko barabara gani.

Nilimwambia hapa ni Birmingham, hapa ni salama, mimi ni mfanyakazi tu. Hakusikia hata moja. Alizidi kunisukumia saa. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, nikamfunga saa mkononi taratibu.

"Sisi napita, afande?" akaniuliza.

"Piteni, mzee," nikamwambia. "Wewe, mama, na toto. Hakuna atakayewagusa."