Picha ya Ng'ombe wa Mahari

Ng'ombe yule alikuwa na pete tano kwenye kila pembe. Nilizihesabu mara mbili, ya kulia kisha ya kushoto, kwa sababu ndivyo nilivyo: hata chenji ya chumvi naihesabu mbele ya mwenye duka, halafu naihesabu tena nikifika mlangoni. Huku Masisi hakuna asiyejua maana ya pete hizo. Kila ng'ombe akizaa, pembe inabaki na mkunjo. Pete tano, ndama watano. Na mbavu zake nazo zilihesabika kwa macho tu, bila kumgusa.

Mwenye ng'ombe alikuwa baba mdogo wa kijana mmoja anayefundisha shule ya msingi upande wa Nyabiondo. Baba mzazi wa kijana alikwisha kufariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyesimamia mambo ya ndoa. Kijana alitaka kuoa binti wa Buleusa, kule Walikale. Wakwe walitaka mbuzi kadhaa na mtamba mmoja, ng'ombe mchanga ambaye bado hajazaa, ao kama amezaa, basi iwe mara moja. Wao ni watu wa mihogo na migomba. Ng'ombe wanamjua kwa kumwona akipita. Na kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu njia, wakapatana kwamba picha itangulie kwenye simu. Baba wa binti akiikubali, ng'ombe aanze kutembea. Zamani familia ilituma mtu akatazame mnyama, arudi aseme. Siku hizi wanatuma picha. Yule mtu wa kutazama na kurudi kusema, basi, nikawa mimi.

Mimi nina chumba kidogo karibu na soko la Masisi, kitambaa cha bluu cha kupigia picha za karatasi za ofisini, kamera niliyoinunua ikiwa imekwisha kuchoka kwa mtu mwingine, na lenzi mbili. Watu wananiita Mama Foto.

Baba mdogo alinipeleka kwenye kilima chake asubuhi.

"Nataka picha moja tu, Mama Foto. Ya mutamba."

"Mutamba iko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu.

"Papa, huyu iko mutamba kama vile miye niko mutamba."

Alicheka. Akaniambia hapo ndipo kazi yangu inapoanza, na akaniahidi jibini moja, ile ya duara. Nikasema mbili. Akasema moja na nusu. Nikamwuliza kama na ng'ombe atampeleka Buleusa nusu. Tukaishia mbili. Nimekumbuka mazungumzo yale mara nyingi, na kila mara nakuta jambo lilelile: nilibishana juu ya bei tu. Juu ya kazi yenyewe sikusema neno.

Sasa niseme nilivyofanya, maana aibu isiyoelezwa vizuri inageuka kuwa majivuno.

Anayetaka kujifunza kwangu namwambia afikirie bidoni, lile dumu la maziwa, na faneli. Tundu la lenzi ni mdomo wa faneli: ukiupanua, mwanga unaingia mwingi. Kasi ni muda unaouacha umiminike. ISO ni yale maji ambayo wauzaji wengine wanaongeza ili bidoni ijae: inajaa kweli, lakini ukionja unajua. Mwanga ukizidi, bidoni inafurika, na kilichofurika kwenye picha kinabaki cheupe kitupu. Hakuna mashine ya kukirudisha. Mtu mwangalifu anaogopa kufurika huko. Mimi siku ile nilikutafuta.

Jua la saa mbili lilikuwa linampiga ng'ombe kwa pembeni, na kila ubavu ulikuwa umetupa kivuli chake kando yake. Kivuli ndicho kinachochora mifupa. Nikamwambia baba mdogo tungoje. Tukangoja mpaka ukungu ukashuka kutoka mlimani ukafunika jua, mwanga ukawa unatoka kila upande, mwororo, bila kivuli. Mbavu zikafutika kama mtu aliyepitisha mkono kwenye ubao wa shule.

Kisha nikavaa lenzi pana, nikapiga magoti kwenye majani mabichi, nikasogea karibu na tumbo na mapaja, chini kabisa. Lenzi pana ukiisogeza karibu inavimbisha kilicho mbele yake. Mnyama akawa kama lori. Zikabaki pembe. Zilikuwa za rangi ya maziwa, na nyuma yake kulikuwa na anga jeupe la ukungu. Nikapandisha mwanga hatua mbili juu ya kiasi kilichotakiwa. Tumbo, ambalo lilikuwa la kahawia iliyoiva, likang'aa vizuri. Pembe zikafurika. Zikawa nyeupe, laini, bila mkunjo hata mmoja, kama za mnyama aliyeota pembe juzi. Nilipiga picha arobaini na moja, nikachagua moja.

Baba mdogo alitazama kioo cha kamera, akamtazama ng'ombe, akarudi kwenye kioo.

"Huyu iko nani?"

"Njo ule wako, Papa."

Juma zima nililieleza jambo hili sokoni, na watu walicheka, nami nilicheka kuliko wao.

Jibu la Buleusa lilikuja kwa sauti, na baba mdogo akaniletea simu nisikilize. Baba wa binti alikuwa akishukuru. Alisema ameita majirani, wote wameona. Halafu akasema jambo ambalo lingetosha kuninyamazisha kama ningekuwa mtu wa kunyamazika. Binti yake mkubwa aliolewa kwa mahari iliyobaki njiani, haikufika mpaka leo, na kwa wakwe wake kila ugomvi unaanza na neno hilo. "Huyu wa pili," alisema, "hatatoka hapa kichwa chini kama dada yake." Nikamrudishia baba mdogo simu yake. Nikamwuliza lini jibini ya pili.

Ng'ombe alitangulia kwa miguu na wachungaji. Sisi tulifuata kwa pikipiki, mimi nikiwa nimeitwa kupiga picha za sherehe. Njiani mwalimu, yaani bwana harusi, aliniambia kwamba yeye ng'ombe huyo hajamwona bado. Amemwona kwenye simu tu, na amefurahi mno baba yake mdogo kumtolea mnyama wa namna ile. Nilijibu kwamba matope ni mengi.

Buleusa walikuwa wametundika bache, turubai la kivuli, uani, viti vimepangwa, mhubiri ameomba, wamama wameimba. Mbuzi walihesabiwa, wakatosha. Kisha baba wa binti akatoka ndani na karatasi ndani ya plastiki. Alikuwa ameituma picha yangu ikachapwe, kubwa, kwa rangi. Ilikuwa nzuri, kusema ukweli. Akaenda akasimama kando ya ng'ombe, akaiinua.

Ilikuwa karibu saa sita. Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Jua la saa sita ni jua baya kuliko yote kwa picha, linashuka kama nyundo, halimsaidii mtu. Lilimwonyesha ng'ombe yule mfupa kwa mfupa, na kando yake yule wa kwenye karatasi aling'aa.

"Huyu njo yule?" aliuliza.

Baba mdogo akasema ndiye, ila njia imemkondesha. Baba wa binti hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mama Foto, wewe ulimuona na macho. Njo yeye?"

"Njo yeye, Papa," nikasema. "Na njia iko mubaya."

Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli ukiyachukua moja moja. Nilikuwa nimeyapima kabla ya kuyatoa. Niliona uso wake unaanza kulegea, anataka kuniamini, kwa sababu mtu aliyekwisha kuita majirani anahitaji sana kuamini. Na pengine ingepita hivyo.

Lakini binti alitoka ndani. Hakuwa ameitwa, na desturi inataka bibi harusi akae chumbani mpaka aitwe, kwa hiyo shangazi mmoja alijaribu kumshika mkono. Hakushikika. Binti huyu alikuwa amesoma sekondari huku Masisi, akilala kwa familia inayouza maziwa. Alimshika ng'ombe pembe, akapitisha kidole kutoka chini kwenda juu, polepole, akisimama kila palipo na mkunjo.

"Papa," alisema, "njia inaweza kukondesha ngombe. Haiwezi kumuzalisha mara tano."

Halafu yule shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayesaidia, "Basi ile ya ku picha njo mutoto wake." Watu wakacheka. Kicheko kilianza nyuma kikaja mpaka mbele, na binti alisimama katikati yake, mkono bado kwenye pembe.

Mwalimu alikuwa anamtazama baba yake mdogo. Mzee alikuwa akichimba udongo kwa ncha ya fimbo yake. Nadhani kijana alielewa yote kwa mara moja, kama darasa linavyoelewa kwamba mwalimu hajui jibu. Akasimama.

"Kosa iko yangu, Papa. Miye njo nilimuomba Mama Foto afanye vile."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, nimeipima tangu siku ile, ingetosha kusema sentensi tatu. Baba mdogo alitazama chini. Mimi niliinamia kamera nikazungusha gurudumu, nikijifanya narekebisha ISO. Nikaipandisha, nikaishusha, nikaipandisha tena, mpaka baba wa binti alipoanza kusema.

Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ng'ombe apumzike, ale, arudi kwao. Mbuzi wabaki, wamehesabiwa. Binti atangoja nyumbani mpaka mtamba afike, naye ataangaliwa kwa macho, siyo kwa simu. Na asitoke kwa baba mdogo. Atoke kwa jasho la kijana mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kosa ni lake. Kisha akanijia, akanipa ile karatasi.

"Kamata kitu yako, Mama."

Binti alirudi ndani bila kumtazama mwalimu wala mimi.

Ilichukua mavuno mawili ya maharage. Mwalimu alikuwa akitoka darasani anaingia shambani na sare yake ya kazi imekunjwa ndani ya mfuko. Nilimwona mara nyingi akipita na jembe. Alinisalimu kila mara. Na habari za Buleusa zilinifikia sokoni, maana habari zina miguu kuliko ng'ombe: kwamba kule kisimani wasichana wenzake walimpa binti jina, Bibi wa Picha. Akifika na bidoni yake wanamwuliza kama yeye mwenyewe ni yule wa kwenye karatasi ao ni mama yake. Alikuwa hajamkosea mtu. Yeye ndiye pekee aliyesema kweli uani pale, na yeye ndiye aliyebebeshwa jina.

Ningeweza kupanda pikipiki nikaenda kumwambia baba yake. Nilijipa sababu za kutokwenda: njia, mvua, kazi, heshima ya baba mdogo. Nilikuwa nazihesabu tena ili nihakikishe zinatosha. Zilitosha kila mara.

Mtamba alipatikana. Walifunga ndoa, mimi sikuitwa, picha zilipigwa na binamu kwa simu. Nilizisikia tu, mpaka asubuhi moja mwalimu alipoingia chumbani kwangu, akakaa kwenye kile kiti cha mbele ya kitambaa cha bluu, akanipa simu yake.

Ilikuwa picha ya mke wake siku ya harusi, amesimama chini ya paa la nyumba, nyuma yake uwanja unawaka jua. Simu ilikuwa imepima mwanga wa uwanja, ikamsahau yeye. Uso ulikuwa giza, macho hayaonekani. Ni kosa la kila anayeanza. Mwalimu alitaka kujua kama uso unaweza kutolewa humo gizani, kwa sababu katika zote hiyo peke yake ndiyo iliyomkuta hajakaza mdomo.

Nikamwambia inawezekana. Giza, tofauti na kilichofurika, mara nyingi linaficha tu, halijapoteza. Nikaichukua simu, na nikiwa nimeinama juu yake nikaanza kusema kile ambacho nilikuwa nimekibeba mavuno mawili.

"Mwalimu, ile siku ya Buleusa…"

"Najua, Mama," alisema. "Baba mudogo aliniambia yote. Mpaka ukungu." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Ongeza mwanga kwa uso tu. Usigeuze kitu ingine."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyomwambia fundi cherehani asikate kitambaa zaidi ya alama.

Niliinua vivuli vya uso hatua moja, kisha nusu. Macho yakatoka, na kovu dogo la shavuni, na vidole vilivyokamata kitambaa cha bega. Sikugusa uwanja. Sikugusa ngozi. Nikahifadhi, nikamrudishia.

Hakuondoka. Alifungua picha aliyokuja nayo na hii niliyoirekebisha, akawa anapitisha kidole kati ya hizo mbili, kwenda na kurudi, akitafuta. Alianza na sikio, akashuka kwenye kovu, akaja kwenye vidole, akavikagua kimoja kimoja. Nilisimama kando ya kitambaa changu cha bluu, mikono nyuma, nikingoja amalize.