Kigoda cha Mgeni, Ungo wa Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa chumba ambacho hakikuwa na kitu cha kuibwa. Ilikuwa Sigino, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Babati ikiwa bado ndani ya mkoa wa Arusha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata mafunzo mafupi ya ualimu wa chekechea, yaani darasa la watoto ambao hawajafikia umri wa kuanza shule ya msingi. Ndani nilikuta mkeka na sufuria kubwa lililopinduliwa. Juu ya sufuria alikuwa ameketi mama mpishi.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unga umekwisha. Sukari hatujaiona tangu mavuno. Watoto utawaona uji ukirudi."

Uji haukurudi. Vijana wanaosoma haya hawakuiona miaka ile, kwa hiyo nieleze kidogo. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni, na foleni ilianza na barua ya balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama wa jirani. Chaki ilikatwa vipande vitatu ili madarasa matatu yafundishwe. Mzazi hakuwa na sababu ya kumtembeza mtoto mdogo asubuhi yote kwenda kwenye chumba kisicho na uji.

Mratibu Elimu wa kata, ambaye ndiye aliyesimamia walimu wote wa eneo letu, alifika kuniona akisukuma baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limejazwa majani makavu badala ya mpira wa ndani, na lilikuwa likitoa majani njia nzima.

"Mwalimu, chekechea ni uji," aliniambia. "Uji hakuna, kwa hiyo chekechea hakuna. Lakini mshahara wako upo, kwa hiyo kazi ipo. Watoto wasipokuja kwako, nenda kwao. Wafundishe mama zao kuwafundisha nyumbani."

"Kwa zana gani, Mratibu?" Zana ndilo jina letu la vifaa vya kufundishia.

"Hizohizo watakazokuwa nazo jikoni."

Ndivyo nilivyoanza kuingia nyumba za watu. Wanaume wa kilabuni waliniita Yaya wa Serikali, na mmoja alikuwa akinipungia mkono kila nipitapo: "Yaya, leo umebadilisha nepi ngapi?" Nilikuwa kijana, maneno yale yaliniuma. Nadhani ndiyo yaliyonifanya nipende kupewa heshima kila nilipoipata, hata pale ambapo haikuwa na faida kwa kazi.

Niseme tulifanya nini hasa, kwa maana wazazi wengi wa sasa wamewahi kuniuliza mtoto wa miaka mitano afundishwe nini nyumbani, nao wanadhani lazima wanunue kitu.

Tulianza na maharage. Mama akitaka kupika, mtoto hupewa maharage ayatenge: mekundu huku, ya madoa kule, yaliyotobolewa na wadudu pembeni. Kisha anayapanga kumikumi. Kutenga vitu kwa rangi na ukubwa ndiyo mwanzo wa hesabu, na mtoto huona kazi yake ikiliwa jioni. Wapo waliokataa kula maharage waliyoyahesabu. Hao niliwaambia wahesabu pia yaliyobaki kwenye sahani.

Kisha udongo. Tulichota udongo wa kufinyanga kando ya Ziwa Babati, mahali ambapo viboko hawapandi, na kila mtoto akafinyanga mnyama. Wengi walifinyanga kiboko kwa kuwa hana shingo ya kuhangaikia. Watu waliona ni mchezo tu, lakini kidole kilichozoea kuminya udongo ndicho kitakachoishika penseli bila kuivunja. Na penseli, miaka ile, ikivunjika ilikuwa habari ya ukoo mzima.

Kijiti kilichosimikwa uani kilitufundisha wakati. Asubuhi mtoto aliweka jiwe mwisho wa kivuli, mchana jingine, jioni jingine, kisha akaambiwa abashiri kesho kivuli kitafika wapi. Mabishano yalikuwa makali, na mama waliniambia kuwa ugomvi wa kijiti ni nafuu kuliko ugomvi wa kuvutana nguo.

Mchezo waliouvumbua wenyewe ulikuwa duka. Mimi niliwaletea makopo matupu na kokoto za kulipia, nikitaka wajifunze kujumlisha. Mara moja wakapanga foleni.

"Naomba sukari."

"Barua ya balozi iko wapi?"

"Hii hapa," akatoa jani la mgomba.

"Sukari imekwisha. Kuna viberiti, lakini lazima uchukue na jembe."

Mama zao, waliouziwa hivyohivyo madukani, walicheka hadi wakajifuta machozi kwa khanga. Mimi niliandika katika azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, kwamba watoto wamejifunza kutoa: kilichokuwapo, kikaondolewa, kikabaki sifuri.

Kwa kusoma na kuandika tulitumia ungo na mchanga laini wa korongo. Mchanga hutandazwa kwenye ungo, mtoto huandika kwa kidole, kisha ungo hutikiswa na ubao huwa mpya. Tulijaribu majivu kwanza, lakini mtoto akipiga chafya somo zima lilipeperuka. Pale Sigino watoto wa majirani walijazana pande zote za ungo mmoja, wakisukumana na kubadilishana nafasi. Ungo ule ulinipa sifa. Mratibu alinisifu mbele ya walimu wenzangu, na nilipohamishiwa Mutuka nilikwenda nikijiona fundi.

Mutuka ndiko nilikomkuta Martina. Alikuwa mtoto wa kwanza wa familia ya wakulima iliyokuwa imeteremka kutoka Mbulu, na umri wake wa kuanza shule ulikuwa umeshapita. Tatizo lake lilikuwa umbo dogo. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache, kwa hiyo kipimo cha utayari, yaani kama mtoto yuko tayari kuanza darasa la kwanza, kilikuwa mkono. Mtoto aliupitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, aliandikishwa. Vidole vya Martina viliishia kwenye nywele. Mwaka mmoja alikuwa ameshakataliwa.

Mama yake alinieleza mambo yalivyo bila kuzunguka. "Baba Martina amesema mkono usipofika na mwaka huu, anampeleka Kiteto kwa shangazi yake, akalee mtoto. Na kule anakokaa shangazi hakuna shule ya karibu. Akienda, mwalimu, ndiyo basi."

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi. Alikuwa mtu wa haki, ila amechoka, na darasa la kwanza lilikuwa limejaa hadi watoto wanakaa chini.

"Mkono ni kipimo cha kupunguza watu tu, wala si cha akili," alisema. "Mlete siku ya kuandikisha. Akiandika jina lake ubaoni mbele yangu, sikio lake sitaliangalia."

Nikarudi kwa Mama Martina na habari hiyo, nikamwambia aondoe wasiwasi. Neno hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya yote niliyowahi kusema kazini.

Nyumba ile ilikuwa peke yake shambani, mbali na majirani, kwa hiyo hapakuwa na kundi la watoto. Nilimfundisha mama, naye akamfundisha mtoto kila siku jikoni. Nilipokwenda kukagua nilipokelewa kama walivyopokewa wageni katika nyumba nyingi nilizoingia: nilipewa kigoda, kilichokuwa kimoja tu, upande wa mlango. Mama aliketi karibu yangu. Mtoto alikaa ng'ambo, nyuma ya mafiga, na ungo ukawekwa katikati. Mgeni kwenda kukaa upande wa watoto ilikuwa kama kumwambia mwenye nyumba kwamba hakumkaribisha vizuri. Na mimi, Yaya wa Serikali, nilikipenda kile kigoda.

"Martina, mwandikie mwalimu jina lako," mama alisema.

Mtoto alinyoosha kidole akaandika. Herufi zilikuwa zimenyooka, zimepangika, kubwa kwa ndogo mahali pake. Sijawahi kuona mwandiko mzuri vile wa mtoto wa umri ule. Nilisoma kila herufi kutoka pale nilipokaa, nikampongeza, nikanywa maziwa, nikaondoka. Nilifanya hivyo kila nilipokwenda.

Siku ya kuandikisha mkono haukufika, kama tulivyojua. Mwalimu Mkuu akampa kipande cha chaki. Martina alikwenda mwisho wa ubao, upande wa kulia, akaanza kuandika akielekea kushoto, na kila herufi ilisimama kichwa chini, miguu juu.

Watoto waliokuwa wameketi chini walicheka. Mwalimu Mkuu hakucheka.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Martina, futa, andika vizuri," nilisema. "Andika kama nyumbani."

Alifuta kwa kiganja. Akaandika vilevile, polepole zaidi, akibonyeza chaki. Alifikiri tatizo ni kwamba haionekani.

"Kama nyumbani ndiyo hivyo," alisema.

Nilimkaripia. Nilidhani ananitania mbele za watu, na aibu ilikuwa yangu. Mwalimu Mkuu alichukua chaki yake, akaitazama imebaki kiasi gani, akaita jina lililofuata.

Baada ya siku chache nilikwenda kutoa pole. Kigoda hakikuwapo, kilikuwa kimeazimwa kwenye msiba. Mama Martina aliona haya, akatafuta gunia la kukunja, nami nikamwambia asihangaike. Nikakaa palipokuwa na nafasi, kwenye mkeka, nyuma ya mafiga. Martina alikuwa kando yangu na ungo wake. Akaandika jina lake, na kwa mara ya kwanza nililiona kutoka upande wake.

Mama alikuwa akimwandikia mfano kutoka ng'ambo ya pili, upande wa mlango. Alichokiona mtoto kilikuwa miguu juu, kinatoka kulia kwenda kushoto, akakiiga kwa uaminifu hivyohivyo. Nasi wakubwa wawili, tuliokaa upande wa mlango, tulikiona kimenyooka. Sigino kosa hilo lilijirekebisha lenyewe kwa kuwa watoto walizunguka ungo. Pale Mutuka alikuwa mtoto mmoja, na mwalimu aliyeketi anapoheshimiwa.

Nilimwambia mama mbele ya mtoto kwamba kosa ni langu, si lake wala la Martina. Mama akauvuta ungo kwake.

"Kwa hiyo mtoto anajua kuandika?"

"Anajua kuliko wote walioandikishwa."

"Basi nenda ukawaambie hivyo."

Nilikwenda. Mwalimu Mkuu alinisikiliza, akageuza hata kichwa chake kuelewa. "Nakuamini," alisema. "Lakini orodha imeshakwenda wilayani na pa kukaa hakuna. Mwakani." Nilimweleza na Baba Martina. Alinijibu kwa upole kwamba mwaka jana pia aliambiwa mwakani. Martina aliondoka na lori la mahindi kwenda Kiteto, na sikwenda kumuaga.

Mratibu alipopita nilimweleza yote. Nikapendekeza tuwaandikie walimu wengine wa kata: mzazi na mtoto wakae upande mmoja wa ungo, na anayekagua ahamie huko.

"Ni jambo la maana," alisema. "Waandikie."

"Naomba karatasi, Mratibu."

"Karatasi hakuna. Waambie kwa mdomo."

Niliwaambia kwa mdomo, kila mkutano, hadi wakachoka nami. Baadaye nilihamishiwa Bagara kufundisha darasa la kwanza, na huko nilimalizia utumishi. Sikukaa tena kwenye kiti nikimkagua mtoto. Magoti yangu yaliharibika kwa mikeka ya watu, na sioni kama nimelipa chochote kwa magoti hayo.

Mzazi anayenisoma achukue maharage, udongo, kijiti na makopo, vyote vinafaa hadi leo na havihitaji umeme. Hata ungo bado unafaa. Ila akae upande wa mtoto, bega kwa bega, na kabla ya kusema amekosea aangalie kutoka pale mtoto alipo.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu kushonewa sare ya shule kwa fundi mmoja hapa mjini. Fundi, mama mtu mzima mwenye umbo dogo, aliniangalia juu ya cherehani.

"Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki. Mimi wa Mutuka, wa mchanga."

Nilikaa kwenye benchi kabla sijakaribishwa. Aliniambia alirudi kutoka Kiteto akiwa msichana mkubwa, akasoma elimu ya watu wazima jioni, akageuza herufi zote peke yake. Aliyasema hayo huku akimpima mjukuu, bila kupandisha sauti.

"Nyoosha mkono, mama," alimwambia mtoto. "Mkono huu unafika sikioni?"

Mjukuu akajaribu, akacheka. Sasa hivi hakuna anayewapima hivyo.

"Nilikaa vibaya, Martina," nilisema.

"Ulikaa vizuri, mwalimu. Kigoda kilikuwa kimoja." Akachukua kalamu na karatasi, akaiweka katikati yetu kwenye meza. "Wateja wangu wanapenda kusoma vipimo vyao wakati naandika. Wanashangaa nawezaje."

Akaandika kifua, urefu, mkono, kutoka kulia kwake kwenda kushoto, na kila herufi ilinijia imenyooka. Nilisoma kila kitu kutoka nilipokaa. Kisha akataka kuhakikisha kipimo cha mkono, na ili asome mwandiko wake mwenyewe ikambidi ageuze kichwa kidogo pembeni, kiasi kilekile ambacho mimi, siku zote zile jikoni kwao, nilishindwa kukigeuza changu.