Mwaka Bibi Alipofunga Safari ya Hija

Sisi tuliokuwa wadogo pale bendera ilipobadilishwa tunajua kwamba zamani safari ya ng'ambo ilikuwa ya mji mzima. Aliyepanda meli alikuwa mmoja, lakini tulijiandaa sote. Kwetu Msambweni, mwaka ule, msafiri alikuwa bibi yangu mzaa baba, Mwanatumu, aliyekuwa akienda Hija pamoja na mwanawe mkubwa, ambaye mimi nilimwita Ami. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali.

Ami alinieleza kwamba meli itatoka Kilindini, itapitia Mogadishu, itatia nanga Aden, kisha ndipo ifike Jeddah. Mimi nilikuwa sijafika hata Likoni. Nikamwuliza, huko katikati ya bahari mtu atajuaje kwamba ametoka nchi moja akaingia nyingine?

"Nahodha ndiye ajuaye," alisema Ami. "Sisi wengine tutajua tukiambiwa tutoe pasipoti."

Hiyo pasipoti nayo ilikuwa na mambo yake. Karani wa Mombasa alitaka tarehe ya kuzaliwa. Bibi akamwambia alizaliwa wakati wa mvua, mpunga ukiwa umeshachipua. Karani akamtazama uso, akamtazama mikono, akaandika. Bibi alirudi nyumbani akatuambia, "Yule kijana amenipa umri. Amenizidishia kidogo, lakini sikumkatalia." Picha ya pasipoti ndiyo iliyokuwa picha yake ya kwanza maishani. Tulipokezana kuitazama, na mama yangu akasema Bibi amekaa kama mtu aliyeambiwa wali umeungua. Kisha zikaja sindano za ndui na kipindupindu. Mkono wa kushoto ulimvimba siku mbili, na akawa anasema hauumi, huku akimwita mama amfunge leso.

Melini watu walijipikia wenyewe, kwa hivyo nyumba yetu iligeuka jiko. Kulikuwa na mchele wa kupeta, samaki ng'onda wa kuanika juani, ndimu za kutia achari, na visheti vya kukaanga beseni kwa beseni. Sisi watoto tuliambiwa visheti vilivyovunjika ni vyetu, na siku ile vilivunjika vingi kuliko kawaida. Vitu vyote viliingia katika sanduku la bati la rangi ya kijani, ambalo Ami alilileta kutoka Mombasa. Nilikaa kando yake nikitazama kila kilichotiwa. Cha kwanza kabisa, chini ya vyote, kilikuwa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kinanukia ubani.

"Hiki kitambaa gani, Bibi?"

"Sanda yangu."

"Kwani utakufa?"

Mama alinikata jicho. Bibi wala hakukasirika. "Sijui," alisema. "Ndiyo maana naichukua."

Sanduku lilipojaa, nilidhani maandalizi yamekwisha. Kumbe yalibaki yale makubwa. Bibi alianza kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nami nikimfuata nyuma. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Nisamehe nilipokukosea, ninapopajua na nisipopajua." Wengine walilia. Mama mmoja alijibu kwamba amemsamehe, ila angependa ajue kuwa kuku wa Bibi walimlia mpunga misimu miwili. Bibi akapokea na hilo. Lakini kila jioni, akishaketi kunyoosha miguu, alisema peke yake, "Bado mmoja."

Nilimwuliza mama huyo mmoja ni nani. Akanijibu ni Mwanajuma, mdogo wake Bibi, anayekaa Vanga, na kwamba hawajasemezana tangu kabla sijazaliwa. Sababu hakuna aliyeijua. Basi mimi nikawa sina raha, si kwa huzuni, bali kwa kutaka kujua.

Siku tatu kabla ya safari, Bibi aliniambia, "Riziki, vaa viatu." Tulipanda lori lililokuwa likienda Vanga kuchukua boriti. Njia ilikuwa mashimo na matope, na dereva alisimama mara mbili kututaka radhi kwa mitikisiko. Bibi alinishika mkono njia nzima.

Bibi Mwanajuma tulimkuta uani kwake, anachagua mchele kwenye ungo. Alituona, asisimame. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?" Aliniuliza mimi, kana kwamba nimekuja peke yangu.

Bibi alibaki amesimama. "Mwanajuma, nakwenda Hija. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Nilitarajia Bibi aseme yale maneno yake ya kila nyumba. Hakuyasema. Nadhani aliona hayatatosha hapa, na hata mimi, kwa utoto wangu, niliona hayatatosha.

"Mama alipougua," alisema Bibi, "ulimtuma mtu aniite. Nilikuambia ujumbe ulichelewa. Haukuchelewa. Ulinifika Ijumaa. Kulikuwa na harusi Kinondo, nikasema nitakwenda harusini kwanza, kisha nije. Nilipofika Jumatatu mlikuwa mmeshamzika."

Vidole vya Bibi Mwanajuma viliacha kuchagua.

"Nilijua," alisema. "Niliyemtuma alinieleza. Alikukuta unapakwa hina. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii, dada."

Bibi aliketi pale pale mchangani. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alilia bila sauti, akijifuta kwa upindo wa leso. Mdogo wake aliendelea na mchele mpaka akaumaliza, labda apate pa kuweka macho, kisha akaweka ungo chini.

"Radhi nimekupa," alisema. "Nenda kwa amani. Kusahau siwezi kukuahidi." Halafu akauliza, "Hiyo meli inapita wapi?"

Hapo nilidakia mimi. Nilimtajia Mogadishu, Aden na Jeddah, akanifanya nirudie. Akauliza wanawake watalala wapi melini, maji ya kunywa yatatoka wapi, na Aden kuna watu gani. Mengi nilikuwa nimekwisha kumwuliza Ami, kwa hivyo nilijibu kama mtu aliyekwisha kwenda. Tulikula kwake mchana ule. Ndugu hao wawili hawakuzungumza sana, lakini walikula sinia moja.

Bibi alikwenda, mji mzima ukitoka barabarani kumsindikiza, akarudi salama baada ya miezi, amekonda na sauti imemkauka. Bibi Mwanajuma alikuja kumlaki. Alikaa kwetu siku nne, akitaka kuelezwa safari tangu mwanzo, bandari kwa bandari. Tangu hapo akawa anakuja kila baada ya Idi. Hawakurudi kuwa kama walivyokuwa usichanani, Bibi mwenyewe aliniambia hivyo, lakini Bibi alipofariki, aliyeshika kichwa chake alikuwa Mwanajuma.

Mwaka jana mjukuu wangu, anayefanya kazi hotelini Diani, alipata likizo akaenda Dubai, Uturuki na Malesia, zote kwa majuma mawili. Alifunga begi lake la magurudumu akiwa anaongea na simu, mkono mmoja ukikunja nguo. Chakula hakubeba. Nilimwuliza ameaga nani.

"Nimeweka status, Bibi. Wote wameona."

Nilicheka, naye akacheka, ingawa nadhani hatukucheka jambo moja. Simlaumu. Alirudi mzima, na picha zake nikazitazama mpaka macho yakachoka. Nilipomwuliza huko Uturuki kunanukiaje, alifikiri kwanza, kisha akasema hakuzingatia. Safari zao ni nyepesi, na mimi nafurahi kwamba ni nyepesi. Hakuna anayeondoka akidhani pengine harudi.

Lakini asubuhi ile gari lilipokuja kumpeleka uwanja wa ndege, nilijitanda leso nikatoka kumpungia mkono. Gari likakata kona mara moja. Nikatazama huku na huku, nikaona barabarani niko peke yangu.