Babu Plastiki Hasalimiwi

Wanafunzi wa uuguzi walimwita Mama Glovu, maana miaka nenda miaka rudi salamu yake darasani ilikuwa moja tu: "Glovu kwanza!" Asubuhi hiyo alisimama wodini, kiuno kikimuuma, akimtahini binti wa mwaka wa pili. Kazi ilikuwa kumgeuza mzee mmoja na kumsafisha kidonda cha mgongoni. Binti akifeli, anarudia mwaka mzima.

Binti alivaa glovu, akashika bega na nyonga, akamgeuza mzee bila kosa. Bila neno pia.

"Mjukuu wangu," mzee akasema, uso ukiwa ukutani, "hata gunia huambiwa 'haya, twende.'"

Vitanda vya jirani vikaangua kicheko. Binti akaendelea kusafisha, machozi yakimlengalenga, hadi akabandika plasta ya mwisho.

Kutozungumza na mgonjwa ni kufeli, hakuna mjadala. Lakini kalamu ilimgomea Mama Glovu. Alikuwa ameiona mikono ile ikifanya kazi, akaitambua: ni yake. Namna ya kubana ncha ya shuka, hata ule mguno mdogo kabla ya kuinua, vyote binti alivichota kwake. Na ukimya je? Chumba cha mazoezi kina sanamu ya mgonjwa ya kujifunzia, wanafunzi wameibatiza Babu Plastiki. Zamani, akifundisha, aliizungumzisha kama mtu. Kisha uchovu ukamwingia mifupani, akaona kuongea na plastiki ni kumaliza pumzi bure. Akawa anageuza, anafuta, anafunga, mdomo kimya.

Alimwita binti koridoni.

"Nimefeli, Mwalimu?"

"Sijaandika kitu."

"Kwa hiyo narudia mtihani?"

"Wiki ijayo. Kesho narudia somo, mimi. Mtanitazama, na nikinyamaza mnizomee."

"Tukuzomee wewe? Nani ana roho hiyo?"

"Anza wewe. Leo umezomewa na wodi nzima na hujafa."

Binti akacheka, akafuta pua kwa mkono wa sare. Mama Glovu alitamani kuketi, popote. Akarudi kitandani. Mzee alikuwa bado anaangalia ukuta.

"Shikamoo, baba. Pole. Nataka kukugeuza upande huu."

Sauti ilitoka ikikwaruza.

"Marahaba. Kumbe mna sauti!" Mzee akampapasa mkono uliokuwa begani mwake. "Taratibu, mwanangu. Naona umechoka kuliko mimi."