Mikono Iliyozoea Umbo Moja

Saa moja asubuhi, fundi anasukuma maranda kando kwa mguu, anaegemeza ubao begani na kuuchungulia kwa jicho moja kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Umenyooka. Anaulaza juu ya benchi, anaweka kigezo chake na kupiga mstari wa penseli bila kupima. Mkono unakwenda wenyewe. Mabegani pana, miguuni jembamba.

Ni jeneza la tatu wiki hii. Muuza mkaa wa mkabala hapiti hapa bila utani.

"Kitendawili!"

"Tega," anajibu fundi bila kuinua kichwa.

"Nina nyumba ya chumba kimoja. Mpangaji akiingia halipi kodi wala hahami."

"Jibu unalo. Na chumba chako nitakufanyia kwa bei ya ujirani."

Muuza mkaa anacheka, lakini anaongeza mwendo.

Fundi ana miaka ishirini na saba, na kumi na miwili kati ya hiyo ameimalizia hapa, kwa mjomba wake. Mkewe ni mshonaji. Ndiye aliyekuwa akileta vitambaa vyeupe vya kutandika ndani ya majeneza. Walijuana papa hapa. Kila akileta kitambaa, fundi alidai kimepungua, arudi kesho.

"Alinirudisha mara nne," anasema mkewe. "Ya tano nikamuuliza, 'Fundi, kinachopungua ni kitambaa au ni mke?'"

Sasa ana mimba ya miezi minane. Ni ya pili. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, aliishi siku sita.

"Mjomba aliniambia nikae nyumbani, jeneza atalitengeneza yeye," fundi anasimulia, huku akibandua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. "Nikakataa. Nilikuwa nimembeba, uzito wake naujua. Nani mwingine angemjua?"

Alifunga mlango, akafanya kazi ile peke yake. Kigezo kidogo alichotumia siku hiyo bado kinaning'inia kwenye msumari, kimegeuziwa ukutani. Tangu hapo, ukija msiba wa mtoto mchanga, mjomba huchukua kazi mwenyewe.

Usidhani mkewe anaichukia kazi hii. "Jeneza haliui mtu," anasema. "Siku ile yetu nilipitisha kiganja ndani, nikakuta hakuna hata kibanzi cha kumchoma mwanangu. Hiyo ni heshima." Na majirani waliponong'ona kwenye foleni ya maji kuhusu nyumba inayokula kwa misiba, aliweka ndoo chini akawauliza, "Na daktari anakula kwa nini, kwa harusi?"

Aliyeshindwa nayo ni fundi mwenyewe.

Wiki tano zilizopita alitengeneza kitanda kidogo cha mtoto, chenye fito pembeni. Alikipiga msasa siku mbili, mpaka shavu lingeweza kulala juu ya mbao tupu. Akakileta nyumbani kichwani, akitabasamu. Mkewe akakizunguka taratibu, mkono kiunoni.

"Fundi," akasema, "huyu mwanao miguu umempunguzia?"

Fundi akachukua futi. Upande wa kichwani, inchi ishirini na nne. Upande wa miguuni, kumi na nane. Hakuwa ameona.

"Nilikaa chini," anasema. "Yeye naye akakaa, na kwa tumbo lile kukaa chini si kazi ndogo. Akanishika tu hapa kwenye kifundo cha mkono."

Kesho yake alikifungua kile kitanda ubao mmoja mmoja. Kisha akavuka barabara hadi kwenye karakana ya samani kuomba kazi. Alitaka mikono yake ijifunze umbo jingine kabla mtoto hajaja. Mzee mwenye karakana alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe umezoea wateja wasiorudisha mali," alimwambia. "Niletee kitanda cha mtu mzima. Nitaweka skwea yangu ya kupimia pembe kwenye kona zote nne. Moja ikikataa, rudi kwa mjomba wako."

Na hata akipata, miezi mitatu ya mwanzo atalipwa theluthi mbili tu ya anachopata sasa. Alipomweleza mkewe, jibu lilikuwa fupi: "Hizo mbili tutazitafuna polepole."

Kila jioni baada ya kazi, fundi akabaki uani kwa mjomba, akihangaika na mbao zake. Fremu ya kwanza ilipinda. Ya pili nayo ikapinda. Hapo ndipo mshonaji alipojiburuta mpaka pale, akaketi kwenye kigoda, akaomba ashikishwe ncha moja ya futi.

"Macho yako yaache kwanza, yanakudanganya," alimwambia. "Mimi nikishona kitambaa cha meza, nalinganisha huku na huku. Kisha navuta futi kona hii hadi ile ya mkabala, halafu zile mbili nyingine. Zikilingana, nalala."

"Na zisipolingana?"

"Nafumua. Wewe unafikiri mshonaji anaishi kwa kushona? Anaishi kwa kufumua."

Walivuta futi hiyo kwa jioni tisa. Mjomba alikuwa akiwatazama kutoka mlangoni. Hakuwa na kinyongo. "Nenda, mwanangu," alimwambia mpwa wake. "Huku hakuna haraka, sote tutapita."

Jumamosi kitanda kinafika kwa mzee wa samani kwenye mkokoteni. Mkewe amekuja pia, amesimama kivulini, mikono imefumbata tumbo. Mafundi wanaacha misumeno. Mzee anainama na skwea yake. Kona ya kwanza, imekaa. Ya pili, imekaa. Ya tatu, anatikisa kichwa kukubali. Ya nne anakawia, anasogeza miwani. Kati ya chuma na mbao, uzi mwembamba wa mwanga unapenya.

"Hapa upepo unapita," anasema.

Hakuna anayecheka.

"Nimeiona tangu asubuhi," fundi anajibu. Sauti yake ni ndogo. "Ningeweza kuijaza gundi na unga wa mbao usiione. Nimeiacha."

Mzee anaifunga skwea kwenye kitambaa chake.

"Hii utaifumua uifanye upya, mbele yangu. Kona mbovu inatengenezeka. Simtaki fundi asiyeiona. Jumatatu saa moja."

Kule kivulini mshonaji anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Anapoona anatazamwa, anasema ni vumbi la mbao.

Wanarudi nyumbani polepole, mkokoteni mtupu ukigonga mawe. Zimebaki wiki tatu, na mtoto bado hana kitanda. Mama anasema hana wasiwasi, siku za mwanzo atalala naye. Baba anasema mbao ameshazichagua lakini hazigusi, anamsubiri mwenye kitanda aje.

"Wote niliowapima maishani walikuwa wametulia," anasema. "Huyu nataka nimpime akirusha mateke."