Mtoto wa Fundi na Kadi ya Mkasi

Simu ililazwa katikati ya kitanda kama mgonjwa, na fundi cherehani akakaa pembeni yake akiiuguza. Kila baada ya muda aliigusa iwake, akaitazama, akairudisha palepale. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu ambaye hajawahi kugombana na usingizi, alifungua jicho moja.

"Mama Kijogoo, unailinda hiyo simu kama maziwa yaliyo jikoni. Haifuriki."

"Alisema atapiga leo usiku au kesho asubuhi."

"Basi amelala, kama watu wenye akili zao. Lala."

"Na kama alipiga nilipokuwa nanawa uso?"

"Ulinawa uso simu ikiwa kifuani. Nilikuona."

Ilikuwa kweli.

Aliyekuwa akisubiriwa ni mtaalamu wa matamshi wa kliniki ya watoto, dada mmoja mchangamfu ambaye watoto walimpa jina la Mwalimu wa Ulimi. Alikuwa akifanya utafiti. Alichagua watoto wachache ambao sauti fulani ziliwashinda, akawapa mazoezi ya kucheza, na wazazi akawafundisha kuyaendeleza nyumbani, ili ijulikane mazoezi hayo yanasaidia kiasi gani. Hakukuwa na malipo. Kijogoo, kitinda mimba wa nyumba hii, alikuwa amepelekwa kupimwa mchana wa siku hiyo.

Jina la Kijogoo alilipata kwa kuamka kabla ya watu wote na kuhakikisha hakuna anayebaki kitandani. Alikuwa msichana mwenye maneno kuliko redio, ila k kwake ilikuwa t, na g ilikuwa d. Kikombe kilikuwa titombe. Kaka yake alikuwa tata. Nyumbani walimwelewa, wakazoea. Lakini mwakani angeanza darasa la kwanza, na watoto wa pale bombani walishaanza kumwita "Titombe" na kumwomba aseme tena ili wacheke vizuri. Siku hizi akifika mgeni, Kijogoo alijificha nyuma ya cherehani, na mama yake akamjibia. Anaitwa nani? Mama akajibu. Ana miaka mingapi? Mama. Anapenda nini? Mama huyohuyo, bila hata kuvuta pumzi.

Kwa hiyo nafasi ile aliitaka kwa kufa na kupona. Na kwa kuitaka hivyo, akaharibu.

Walipokwenda kujiandikisha, wiki moja kabla, alikaa kwenye benchi la korido. Mlango wa chumba cha vipimo haukufungwa vizuri, na ndani mtoto mwingine alikuwa akionyeshwa kadi za picha na kuzitaja. Fundi yule hapitwi na kitu. Kuku, kijiko, mkasi, kikapu, gunia, na nyingine zilizofuata, zote alizibeba kichwani mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, asimwage hata tone. Akilini mwake mtihani ni mtihani, na anayefaulu ndiye anayechukuliwa.

Tangu hapo nyumba haikupumua. Kijogoo alisukutua maji huku kichwa kikiwa juu, ili koo lizoee k, mpaka shingo ya gauni ikalowa chepechepe. Mama alipiga cherehani huku akifundisha.

"Kuku!"

"Tutu."

"Itoe kooni, mwanangu. Kuku!"

"Kkk... kuku!"

Baba yake alipita na bisibisi mkononi, akauliza kama kuna kuku aliyenunuliwa au ni wa maneno tu. Mwishoni mtoto akayaweza maneno yote, kwa mpangilio uleule, kama wimbo. Nje ya wimbo, kikombe kilibaki titombe.

Basi kulikucha. Simu ilipolia, fundi aliidaka kabla mlio wa kwanza haujamalizika.

"Mama, habari za asubuhi?"

"Nzuri, mwalimu. Niambie tu, nimekaa." Alikuwa amesimama.

"Mtoto amefanya vizuri sana."

"Mungu mkubwa!"

"Vizuri mno, mama. K zote sahihi, g zote sahihi. Sasa, utafiti huu ni wa watoto ambao sauti hizo bado zinawashinda. Kwa matokeo haya, siwezi kumchukua."

Hapo fundi akakaa kweli, juu ya rundo la vitambaa vya wateja. Mtihani gani huu, ambao wanaofeli ndio wanaochukuliwa?

"Ila kuna jambo halijanikaa sawa," Mwalimu aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyebana kicheko. "Nilianza na kadi ya kuku, tukaenda vizuri. Kisha kadi zikanidondoka, zikachanganyika. Nikamwonyesha mkasi, akaniambia kijiko. Matamshi safi kabisa! Nikamwonyesha gunia, akasema mkasi. Mama, si uliniambia wewe ni fundi cherehani?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mtoto wako haujui mkasi?"

Kule mezani baba alikuwa ameweka chai chini na kuinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

"Anaujua," fundi alisema polepole. "Juzi tu amemnyoa mwanasesere wake. Mwalimu, nilisikia pale mlangoni, nikamfundisha. Nilidhani asipojibu vizuri mtamwacha. Kosa ni langu, mtoto hana hatia."

Kicheko kikamshinda Mwalimu. "Mama, nimeona wazazi wanaochelewa, nimeona wanaosahau siku. Wa kumpeleka mtoto tuisheni ya vipimo vyangu ni wewe wa kwanza! Haya, sikiliza. Nafasi imebaki moja, na leo ndiyo mwisho. Mlete saa nane, nina kadi nyingine. Njiani usimfundishe hata neno. Na chumbani ataingia peke yake kama jana, maana nataka kumsikia yeye, anavyosema yeye. Akininyamazia, sitakuwa na cha kupima, na nafasi itakwenda kwa mwingine."

Njiani fundi alifunga mdomo kama aliyeshika pini kwa midomo. Kijogoo, aliyezoea, akaanza mwenyewe: "Kuku, kijiko, mkasi..."

"Leo hapana, mwanangu. Leo sema unavyosema."

Mtoto akasimama. "Nititosea je?"

Baada ya wiki nzima ya kusukutua, neno la kujibu lilimkwama mama kuliko k ilivyomkwama binti.

"Kosea tu."

"Hata zote?"

"Hata zote."

Safari hii Mwalimu aliufunga mlango mpaka kitasa kikalia. Fundi akabaki kwenye benchi, mkoba mapajani. Alitega sikio. Ndani kimya. Kimya hicho alikijua, ndicho cha nyuma ya cherehani. Angeweza kusogea mlangoni na kumnong'oneza Mwalimu, anapenda paka, mwonyeshe paka! Mwili ulishanyanyuka nusu. Akajikalisha, akauma mkanda wa mkoba.

Simu ikatetemeka. Mumewe.

"Vipi huko?"

"Mlango umefungwa."

"Na mdomo wako?"

"Nao umefungwa."

"Huyo Mwalimu kweli ana utaalamu. Mimi nimejaribu tangu tuoane."

Alimkatia simu, lakini tabasamu lilishamtoka. Na hapo akasikia, kwa mbali, sauti nyembamba ikiuliza kitu. Mwalimu akajibu. Sauti ikarudi, ndefu zaidi, ikapanda, ikakimbia, haikuwa na nia ya kusimama. Maneno hakuyapata hata moja, mlango ulikuwa mzito. Kisha wote wawili wakacheka huko ndani.

Kitasa kikashuka, kikarudi. Kikashuka tena, kwa mkono usiokifikia vizuri, na mlango ukafunguka. Kijogoo alisimama pale na nyota ya karatasi imebandikwa kwenye paji la uso.

"Mama! Nimetosea zote!"

"Zote, mama, hajaniachia hata moja," alisema Mwalimu nyuma yake, ameshika kadi kifuani. "Tunaanza Jumatatu, wewe na yeye."

Ulimi wa fundi ulishainuka kwa k ya kumsahihisha. Akauachia. Akachuchumaa, akamtazama binti yake usoni.

"Zote kabisa? Hebu niambie. Ulianza na ipi?"

Akanyamaza, akasubiri, mpaka mtoto akamaliza yote.